Malalamiko Kuhusu Kiinitete Namba Nne

Kwa Daktari Mkuu,
Kliniki ya Uzazi,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani.

Daktari Mkuu mheshimiwa,

KUH: MTOTO ALIYEKUJA KAMA TULIVYOAGIZA

Nakuandikia nikiwa mzima, na natumaini barua hii itakukuta nawe u mzima, pamoja na wasaidizi wako na mashine zako. Mimi ni mteja wenu wa zamani. Huenda hunikumbuki kwa sura, lakini mafaili hayasahau.

Kwa kazi mimi ni mkaguzi wa mizani na vipimo. Kwa miaka ishirini na miwili nimeingia madukani na sanduku langu la mawe ya shaba. Naweka jiwe la kilo moja kwenye mzani wa mwenye duka, na mzani ukisema kilo na robo, naufunga kwa lakiri pale pale, awe mwenye duka analia au anacheka. Naeleza haya ili uelewe kwamba anayelalamika kwako si mtu asiyejua maana ya kipimo.

Miaka kumi iliyopita mimi na mke wangu, ambaye ni mshonaji wa mapazia, tulikaa mbele ya mshauri wenu, yule mama mwenye kalamu ya bluu. Alitufungulia kwenye skrini orodha ya viinitete vitano, vyote vyetu, vilivyotengenezwa humo humo kwenu kwa mbegu zangu na mayai ya mke wangu. Kila kimoja kilikuwa na alama zake kama ripoti ya mwisho wa muhula: urefu, utulivu, unadhifu, ukweli, akili ya hesabu. Mke wangu aliitazama ile skrini muda mrefu, kisha akasema, “Mimi sijui kumchagua mtu nisiyemjua.” Nilimwambia kwamba tunachagua ndiyo ili tumjue. Mshauri wenu alinitikisia kichwa kunikubali. Naomba hilo liandikwe.

Tukachukua namba nne. Alikuwa na alama za juu kabisa kwenye ukweli na utulivu, na za kuridhisha kwenye unadhifu. Pale penye maoni ya ziada niliandika kwa mkono wangu: *Asifanane na shangazi yake.* Shangazi huyo ni dada yangu, mtu mwema sana, ambaye amewahi kuacha kazi tatu kwa mwaka mmoja, huja kututembelea bila taarifa, na akicheka jirani wa nyumba ya tatu huzima redio ili asikie vizuri.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na majirani wakampa jina la utani la Chaguo. Sasa ana miaka tisa. Nimekaa kimya miaka yote hiyo kwa kuheshimu taaluma yenu, nikidhani mtakuja wenyewe kuuliza hali, maana mgonjwa haulizwi uji, na mimi ndiye mgonjwa. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. KUHUSU UKWELI. Tuliomba mtoto mkweli. Hatukuombwa kutaja kiasi, na ninyi hamkutushauri. Kazini kwetu tunajua kwamba chombo kinachozidisha ni kibovu sawasawa na kinachopunja. Mtoto mliyetupa anazidisha.

Mwaka juzi mkuu wa idara yetu alikuja nyumbani kunywa chai. Ilikuwa wiki moja kabla ya kutangazwa jina la naibu wake, na jina lililotajwa kila ofisi lilikuwa langu. Mke wangu alishona pazia jipya la sebule kwa ajili ya siku hiyo. Mkuu alikaa, akasifu pazia, akamwita Chaguo akamkalisha karibu yake, akamuuliza kwa upole kama baba huwa anasimulia mambo ya kazini. Mtoto akaweka kikombe chake chini, akajibu, “Ndiyo. Anasema wewe unapitisha mizani ukiwa ndani ya gari.”

Daktari, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma joto la hewa. Mkuu akamaliza chai yake yote, akashukuru, akaondoka. Naibu akatangazwa mwingine. Mimi nikahamishiwa kitengo cha vijiko, yaani vile vijiko vya plastiki vinavyowekwa kwenye boksi la dawa ya kikohozi ya watoto. Sasa ni mwaka wa pili nahakikisha kama kijiko kinabeba mililita tano. Kinabeba.

Mama mkwe naye alimuuliza kama gauni lake jipya limempendeza. Sina haja ya kuendelea.

2. KUHUSU UNADHIFU. Huu ulimgusa zaidi mke wangu. Mtoto alipanga vifurushi vya mapazia ya wateja kwa kufuata rangi badala ya majina, akafanya kazi nzuri mno, kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na akavitupa vikaratasi vya majina kwa sababu vilikuwa na miandiko tofauti. Kwa hiyo daktari wa meno akapelekewa mapazia yenye sungura, na shule ya chekechea ikapelekewa ya kijivu. Daktari wa meno hajayarudisha. Anasema wagonjwa wake wameanza kutulia.

3. KUHUSU UTULIVU. Hapa ndipo naomba usome taratibu.

Tuliomba mtoto asiye na fujo, kwa kuwa mke wangu anahitaji mikono yake yote miwili kazini na mimi nahitaji kichwa. Mkatupa mtoto ambaye halii. Simaanishi kwamba analia kidogo. Alipopelekwa kuchomwa sindano ya surua, akiwa na miezi tisa, aliitazama ile sindano ikiingia, akaitazama ikitoka. Aliyeanguka nilikuwa mimi. Nilipofumbua macho muuguzi alikuwa amemlaza mtoto kifuani kwangu, na mtoto ananipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza jirani.

Mke wangu alipokuwa mjamzito alitunga wimbo wa kubembelezea. Una beti nne na kiitikio. Haujaimbwa mpaka leo, kwa sababu kila alipofungua kinywa mtoto alikuwa ameshalala. Siku moja nilimkuta mke wangu chumba cha kushonea anauimba peke yake huku akikunja pazia la mteja. Aliponiona akanyamaza, akajifanya anatafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi.

Nina majirani ambao watoto wao wanapiga mayowe wakinyimwa peremende. Nawaona wazazi hao wakiwabeba, wakiwaahidi uongo, wakiwafuta kamasi kwa shati. Wanachoka, lakini wana kazi. Mimi nina mtoto ambaye nilikanyaga mwanasesere wake nikamvunja shingo, na nilipopiga magoti kuomba radhi akaniambia ni sawa, asante kwa kusema. Nilibaki pale chini na maneno yangu yote ya kubembeleza, sina pa kuyapeleka.

4. KUHUSU LAWAMA. Katika kila familia ninayoijua kuna ghala la lawama. Mtoto akiwa mvivu, ni upande wa baba. Akiwa na hasira, ni upande wa mama. Akiiba sukari, kuna mjomba alifariki zamani ambaye hakuna atakayemtetea. Ghala hilo limefanya ndoa nyingi zidumu, kwa sababu hakuna mtu anayepaswa kubeba kosa lote peke yake.

Ninyi mmelifunga ghala letu. Mwalimu alituita shuleni kwa sababu Chaguo alikuwa amesahihisha ripoti za wenzake, akishusha alama alizoona zimetolewa kwa huruma. Nilianza kumweleza mwalimu kwamba ukaidi wa aina hiyo upo ukoo wa mke wangu, hasa kwa mama mkwe. Mke wangu hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa nakala ya fomu yenu, akaiweka mezani kwa mwalimu na kidole chake juu ya sahihi yangu.

Tangu siku hiyo mama mkwe haniiti tena mwanangu. Ananiita Mchaguzi. Na kila mtoto anapokosea, ananikumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma.

5. KUHUSU KICHEKO. Kosa hili ni la aina nyingine kabisa. Hadi sasa nimelalamikia bidhaa tulizoagiza. Hii hatukuiagiza, na imekuja.

Mtoto alipotimiza miaka sita, dada yangu alikuja bila taarifa kama kawaida yake, akajikwaa kwenye zulia akaingia sebuleni kwa magoti, mikono mbele, huku akisalimia. Chaguo akamtazama. Kwanza ikatoka sauti kama chafya iliyozuiwa. Ikafuata kimya, kama vile mtu anafikiri. Halafu kikalipuka. Nilikitambua hapo hapo, kwa maana nilikua nacho nyumba moja. Ni kile kile, Daktari, na hata mwisho wake ni ule ule, ambapo anayecheka hujishika ubavu na kusema “haya jamani” kama anayefunga mkutano.

Dada yangu hakuinuka. Alikaa pale pale kwenye zulia, machozi yanamtoka, naye akaanza. Mke wangu akatoka chumba cha kushonea kuona kuna nini, naye akashikwa. Glasi za kabatini zilitikisika. Nilitoa saa yangu nikapima: sekunde arobaini na moja bila kupumzika.

Nimeangalia orodha ya alama za namba nne mara nyingi. Kicheko hicho hakimo popote. Ama kilipitishwa kwa magendo, ama mashine zenu hazioni kila kitu, na kama hazioni kila kitu, naomba kujua ni nini kingine hazikuona, na kwa nini mshauri wenu alitumia kalamu isiyofutika.

6. KUHUSU WALE WANNE. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Mwezi uliopita mwalimu aliwaagiza watoto wachore familia zao. Chaguo alinichora mimi na mzani, mama yake na cherehani, shangazi yake na mdomo wazi. Juu yetu akachora miduara minne isiyo na macho wala pua. Mwalimu alimuuliza hao ni akina nani. Akajibu kwamba ni wale waliokuwa naye kwenye orodha, na kwamba hakuwawekea nyuso kwa sababu hajui wanafananaje na hapendi kubuni.

Alikuwa ameiona nakala ya fomu, yenye orodha ya wote watano, kwenye mkoba wa mama yake. Hatukumficha, maana kwake hakuna kinachofichika. Jioni hiyo alikuja na mchoro wake, akaketi mbele yangu, akauliza namba moja alikuwa na kosa gani. Nikasema hakuwa na kosa. Akauliza namba mbili. Nikasema naye hakuwa na kosa. Akauliza namba tatu na namba tano, nikajibu vivyo hivyo. Kisha akauliza, “Kama kicheko changu kingekuwa kimeandikwa kwenye karatasi, ungenichukua?”

Daktari, mimi nimewahi kusimama mbele ya mfanyabiashara aliyeshika rungu, nikafunga mzani wake. Jioni hiyo nilimwambia mwanangu kwamba nimekumbuka jambo, nikatoka nje kwenda kusoma mita ya maji. Mita ilikuwa inasoma vizuri. Nikaisoma tena. Niliporudi alikuwa amekwisha kukunja mchoro wake na kwenda kupiga mswaki.

Tangu hapo hajauliza tena. Angekuwa mtoto wa kawaida angeuliza kila siku mpaka nimkaripie, nami ningepata pa kutokea.

Kwa sababu hizo zote, na baada ya kushauriana na nafsi yangu (mke wangu hajaiona barua hii), naomba kliniki yako itekeleze yafuatayo:

a) Ukweli wa mtoto upunguzwe kwa theluthi moja, au angalau usifanye kazi wakati wa wageni.

b) Aongezewe kilio. Siombi kingi. Mara moja kwa wiki, siku ya Jumamosi, ambapo wote tupo nyumbani, kingetosha.

c) Kicheko kiondolewe, au kama hakiondoleki, nipewe hati yenye muhuri kuthibitisha kwamba kimetoka kwenu na si kwetu.

d) Kliniki imjibu mtoto, kwa maandishi, lile swali lake. Mlitusaidia kuchagua, basi tusaidieni kujibu. Tafadhali msitumie maneno ya kitaalamu, na msimdanganye, atajua.

e) Ikishindikana yote hayo, namba nne apokelewe kwenu, nasi tupewe namba mbili kwa majaribio ya wiki mbili, ili nipate cha kulinganisha. Fundi wa mizani haamini mzani mmoja. Nimekumbuka kwamba namba mbili alikuwa na alama za wastani kwenye kila kitu, na siku hizi nalala nikiyafikiria sana mambo ya wastani.

Najua utasema jambo hili haliwezekani. Hata mimi niliwahi kudhani haiwezekani kumpata mtoto kwa kuweka alama kwenye fomu, mkaniambia niweke.

Nisalimie mshauri mwenye kalamu ya bluu, na muuguzi aliyetuletea maji, na mlinzi wa mlangoni, na yule mama wa usafi aliyempa mke wangu kiti siku ile alipozidiwa kwenye korido. Na wale wanne, kama bado wapo, waambieni dada yao hajambo.

Wako katika kipimo kilicho sawa,

Mkaguzi wa Mizani na Vipimo,
Kitengo cha Vijiko.

Tanbihi: Naandika haya nikiwa kwenye benchi lenu la mapokezi. Nimeileta barua kwa mkono wangu, na nimekuja na mtoto kwa sababu shule imefungwa leo na mama yake ana mapazia ya hoteli. Dada wa mapokezi ameisoma barua yote kwa makini bila kucheka, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaniambia kwamba malalamiko ya aina hii yana utaratibu wake. Mtoto huachwa hapa siku tatu kwa uchunguzi. Kuna chumba, kuna kitanda, chakula ni mara tatu. Akanipa karatasi ya makabidhiano.

Nimejaza tarehe. Nimejaza uzito na urefu, ambavyo navijua bila kuangalia popote. Nimefika mahali palipoandikwa “Sababu ya kumwacha”, na hapo nimekaa.

Dada wa mapokezi, kwa kupitisha muda, akamuuliza mtoto kwamba kama naye angepewa orodha ya akina baba, angechagua yupi. Mtoto akanitazama. Alianzia kwenye viatu akapanda polepole, kama ninavyoutazama mimi mzani wa duka, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilikaa wima kiasi kile. Kisha akasema, “Ningechagua mwingine. Lakini huyu nimeshamzoea.”

Daktari, nimeomba nirudishiwe barua yangu. Dada wa mapokezi amekataa, na amekataa kwa haki, maana kilichogongwa muhuri hakitoki, na mimi mwenyewe nimewakatalia watu wengi namna hiyo. Ameniruhusu tu niongeze maneno mwishoni. Maneno yenyewe ni haya. Mimi si mkaguzi wa mizani. Mke wangu hashoni mapazia. Huku kwetu hakuna mtoto wa umri huo, na mkija kumtafuta mtaambiwa hivyo na watu wote, isipokuwa mmoja mdogo wa umri, ambaye tafadhali msimuulize chochote, kwa sababu atawaambia.

Karatasi ya makabidhiano nimeikunja nikaiweka chini ya mguu wa benchi lenu. Lilikuwa linacheza. Sasa limekaa sawa.